Kumtenga Mnyama Angali Mchanga: Panya, Mnyoo, Samaki Pundamilia au Nzige?

Mwanafunzi wa uzamili akitaka kupima jinsi upweke wa utotoni unavyobadilisha hisi za mnyama, wazo la kwanza huwa panya. Si wazo baya. Ila panya anakula bajeti, anakula miezi, na asiposhikwa sawasawa anakupa matokeo yasiyosomeka. Kwa baadhi ya maswali, mnyoo wa urefu wa milimita moja anajibu kwa siku nne tu. Ulinganisho huu ni wa mtu aliye Maseno, Njoro au Kakamega nchini Kenya, mwenye maabara ya kawaida, stima inayopotea wakati wowote, na msimamizi anayetaka pendekezo kabla muhula haujaisha.

Kwanza jua unachoondoa

Ukimweka mnyama peke yake unaondoa vitu viwili kwa mkupuo mmoja: wenzake, na misisimko wanayoleta wenzake. Wenzake wanamgusa, wananukia, wanapiga kelele, wanatikisa maji au udongo, wanampa joto. Hisi zake zikibadilika baadaye, bado hujui kama ni upweke uliozibadilisha au ni kukosa kuguswa tu. Jaribio la maana lina makundi matatu: waliolelewa pamoja, waliotengwa, na waliotengwa lakini wakarudishiwa msisimko mmoja tu kwa mkono wa mtafiti. Kipimo kikuu cha kumchagua mnyama ni hiki: je, unaweza kumrudishia msisimko mmoja bila kumrudishia mwenzake? Kwa mnyoo, samaki na nzige jibu ni ndiyo. Kwa panya ni vigumu.

Jambo la pili ni umri wa hisi yenyewe. Mtoto wa panya huanza kusikia karibu siku ya 12 baada ya kuzaliwa, na macho hufunguka siku ya 14 au 15. Ukimtenga siku ya 4 hadi ya 7 kisha ukadai umeathiri usikivu wake moja kwa moja, umedai kisichowezekana. Siku hizo anaishi kwa pua, ngozi na sharubu.

Panya: maandishi mengi, mitego mingi

Utaratibu uliozoeleka ni kumwachisha ziwa siku ya 21, kumweka peke yake kwenye kizimba kwa wiki 6 hadi 8, na kuwaweka wenzake wa kundi linganishi watatu hadi watano kwa kizimba. Aliyetengwa anaendelea kuwaona, kuwasikia na kuwanusa panya wengine chumbani. Anachokosa ni kuguswa na kucheza. Dirisha lenye athari ya kudumu ni takriban siku ya 25 hadi ya 45, umri ambao panya hucheza sana. Utafiti wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba saa moja ya mchezo kila siku inapunguza athari hizo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo kitu unachoweza kumrudishia panya ni mchezo, na mchezo una mguso, harufu, sauti na joto ndani yake. Huwezi kuvitenganisha.

Kipimo maarufu cha hisi hapa ni mshtuko wa sauti wenye sauti tangulizi. Panya anaingizwa kwenye kasha lenye jukwaa linalopima mruko wake. Anazoea kelele ya chini ya desibeli 65 hadi 70 kwa dakika 5, kisha anapigiwa mlio wa desibeli 120 wa milisekunde 40. Katika baadhi ya zamu, milisekunde 100 kabla ya mlio huo, hutangulia mlio mfupi wa milisekunde 20 uliozidi kelele ya chini kwa desibeli chache tu, 3 hadi 16. Ubongo unaochuja misisimko vizuri hupunguza mshtuko wake mlio mkubwa ukitanguliwa hivyo, na asilimia ya upungufu huo ndiyo tunayoiita uchujaji. Panya waliotengwa tangu kuachishwa ziwa huonyesha uchujaji dhaifu. Jambo hilo liliripotiwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na limerudiwa na maabara nyingi, ingawa si zote.

Hesabu yake ni rahisi, na inadanganya kwa urahisi vilevile. Tuseme panya wa kundi anaruka vipimo 800 kwa mlio peke yake na 320 mlio ukitanguliwa: uchujaji ni asilimia 60. Aliyetengwa akitoa 780 na 507, ni asilimia 35, na hapo una tofauti ya kuandika. Lakini aliyetengwa akitoa 500 na 320, asilimia inakuwa 36 huku jukwaa likisoma 320 ileile ya mwenzake. Hapo kilichobadilika ni mshtuko wenyewe, na uchujaji huenda haujaguswa. Daima onyesha mshtuko wa mlio peke yake kabla ya kuonyesha asilimia, la sivyo msomaji makini atakurudisha nyuma.

Mambo yanayoharibu jaribio hili ni haya, kwa uzito wake. La kwanza ni mikono ya watu: panya wanaoshikwashikwa mara kwa mara hupoteza athari ya kutengwa, kwa hiyo kizimba kisafishwe mara moja kwa wiki, makundi yote yashikwe kwa idadi ileile ya mara na kwa namna ileile. La pili ni ukoo. Sprague-Dawley huonyesha athari kwa kawaida, Lewis hawakuionyesha walipolinganishwa, na panya aliyechanganyika wa nyumba ya wanyama ya chuo hana dhamana yoyote. La tatu ni spika. Spika ya bluetooth haifai kabisa, kwa sababu inachelewesha sauti na kubana milio mikubwa. Tumia spika ndogo ya sauti kali yenye waya, na upime desibeli pale kichwa cha panya kitakapokuwa. Kipimo kilichochukuliwa mlangoni mwa kasha hakina maana. La nne ni paa. Mvua ya alasiri juu ya mabati, na Kakamega haikosi, inafunika sauti tangulizi yote, na kipimo cha siku hiyo kimekwenda. Pima asubuhi, saa ileile kila siku. Tena inverta na taa za mirija zinaweza kutoa milio ya juu ambayo sikio la binadamu halifiki lakini la panya linafika, kwani yeye anasikia hadi karibu kilohezi 80.

Kasha la dukani ni ghali. Jukwaa la kujitengenezea kwa kidonge cha piezo (kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme) chini ya bomba la plastiki linafanya kazi ikiwa utalisawazisha kila asubuhi kwa kuangusha uzito mmoja kutoka kimo kimoja. Matandiko nayo yana maneno: maranda ya saipresi na msonobari yanayopatikana kwa wingi kwenye viwanda vya mbao Nakuru yana mafuta yenye harufu yanayoamsha vimeng'enya vya ini. Tafuta maranda ya mti mgumu, au angalau makundi yote yalale juu ya gunia lilelile.

Kipanya

Kipanya (Mus musculus, mdogo kuliko panya tuliyemzungumzia, Rattus norvegicus) ana sifa moja kubwa: dirisha lake liko wazi. Kazi iliyochapishwa 2012 ilionyesha kwamba kutengwa wiki mbili mara tu baada ya kuachishwa ziwa, siku ya 21 hadi ya 35, kunaacha mayelini (ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva) nyembamba kwenye gamba la mbele la ubongo, na kurudishwa kwa wenzake hakukuiponya. Kutengwa baada ya siku ya 35 hakukuwa na athari hiyo. Kwa hisi hasa, matokeo ya mshtuko kwa kipanya hayatabiriki kama ya panya. Kuna matatizo mawili ya ziada: madume waliowekwa pamoja hupigana, hivyo kundi lako linganishi lenyewe linaishi kwa msongo, na C57BL/6, aina inayotumika kuliko zote, huanza kupoteza usikivu wa milio ya juu akiwa bado na umri wa miezi michache. Ukipima masikio yake akiwa na miezi sita, huenda unapima uzee wa sikio.

Mtoto wa panya kabla ya kuachishwa ziwa

Hapa ndipo swali la mguso linapata jibu zuri. Watoto wa panya waliotengwa na mama na ndugu siku ya 4 hadi ya 7, saa kadhaa kwa siku, walionyesha hitilafu kwenye sehemu ya gamba la ubongo inayopokea habari za sharubu: vipokezi vya glutameti, kemikali inayobeba ujumbe kati ya seli za neva, havikufika kwenye makutano ya seli za neva kama inavyotakiwa, na homoni za msongo zilihusika. Kazi hiyo, ya 2012, ilifanywa Japani. Kwako wewe, ugumu si kutenga, ni joto. Mtoto asiye na manyoya hupoa haraka, na aliyepoa ana tatizo lingine kabisa. Mweke kwenye nyuzi 30 hadi 33. Kumbuka pia kwamba kumtoa kwa dakika 15 tu na kumrudisha humfanya mama amlambe zaidi, na athari inaweza kwenda upande wa pili. Muda wa kutenga ndio dawa au sumu, kwa hiyo shika saa ya kusimamishia mkononi.

Mnyoo: siku nne na seli 302

Caenorhabditis elegans ana seli za neva 302, zote zimechorwa na kupewa majina. Ni huntha, yaani ana jinsia zote mbili na hujizalia mwenyewe, hivyo yai moja kwenye sahani moja linakua hadi utu uzima bila kuhitaji mwenzake. Maabara ya Catharine Rankin, Chuo Kikuu cha British Columbia, ilionyesha 2005 kwamba mnyoo aliyekulia peke yake hurudi nyuma kwa umbali mfupi zaidi sahani ikigongwa, hukua polepole, na huwa na alama pungufu za makutano kwenye mzunguko wa neva za mguso. Kisha likaja jambo linalotufanya tumpende: kugonga sahani kwa muda mfupi mnyoo akiwa bado lava (mchanga) kulirudisha mwitikio. Msisimko ulirudi bila mwenzake kurudi. Hilo ndilo kundi la tatu tulilosema hapo juu, na hapa linagharimu kijiti na saa.

Agari yake ya kawaida kwa lita moja ni gramu 3 za chumvi, gramu 2.5 za peptoni na gramu 17 za agari. Baada ya otoklevu, ikipoa hadi nyuzi 55 hivi, ongeza mililita 1 ya kolesteroli ya miligramu 5 kwa mililita iliyoyeyushwa kwenye ethanoli, mililita 1 ya kloridi ya kalsiamu ya mola 1, mililita 1 ya salfeti ya magnesiamu ya mola 1, na mililita 25 za bafa ya fosfeti ya mola 1 yenye pH 6. Ukimwaga kolesteroli agari ikiwa bado moto sana, au ukichanganya kalsiamu na fosfeti kabla ya kukoroga, utaona ukungu mweupe na chembe. Sahani hizo hazifai kwa kupima mwendo. Chakula ni bakteria OP50, tone moja lililokaushwa.

Weka yai moja kwa sahani kwa waliotengwa, na mayai 30 hadi 40 kwa sahani ya kundi. Kwenye nyuzi 20 pima siku ya nne. Usichelewe, maana huntha huanza kutaga karibu umri huo, na mayai yakianguliwa mnyoo wako "mpweke" ana watoto kumi pembeni. Ugongaji uwe wa nguvu moja: solenoidi ndogo (sumaku ya umeme inayosukuma pini), au uzito ulioning'inizwa unaoachiwa kutoka pembe ileile. Kidole hakifai.

Kosa linalorudiwa ni hili. Mnyoo mpweke ni mfupi, na mnyoo mfupi hurudi umbali mfupi hata neva zake zikiwa nzima. Ripoti umbali kwa urefu wa mwili wake pamoja na milimita. Akirudi milimita 0.6 ilhali ana urefu wa 0.8, amerudi robo tatu za mwili. Mwenzake wa milimita 1 aliyerudi 0.75 amerudi sawa naye kabisa.

Samaki pundamilia: hisi ya maji

Danio rerio ana mstari wa ubavuni wenye seli-nywele zinazohisi mtikisiko wa maji, na hiyo ndiyo hisi inayoguswa na upweke. Mwaka 2020 kazi mbili zilielekea huko. Moja ilionyesha kwamba vifaranga waliotengwa hukwepa wenzao kutoka mbali zaidi na huitikia mtikisiko wa maji zaidi kuliko kawaida. Nyingine, ya taasisi ya Max Planck mjini Frankfurt, ilionyesha kwamba jeni iitwayo pth2 hushuka sana kwa samaki mpweke, hupanda ndani ya nusu saa akirudishiwa wenzake, na hupanda pia maji yakitikiswa na mota kwa mtindo wa samaki anayeogelea. Hapa pia msisimko unarudi peke yake.

Yai moja kwa kisima (kishimo kimoja cha sahani ya maabara), maji ya nyuzi 28.5, pima siku ya 6 au 7. Hadi karibu siku ya 5 anaishi kwa kiini cha yai, kwa hiyo tatizo la nani amekula zaidi ni dogo kuliko kwa mnyoo au panya. Kuta za visima ziwe na karatasi nyeusi, la sivyo wanaonana, na anayemwona mwenzake hajatengwa kikamilifu.

Adui wake ni maji. Shaba huua seli-nywele: maji yaliyolala kwenye viungo vya shaba nyeupe usiku kucha yanaweza kukupa samaki kiziwi wa ubavu kwenye makundi yote mawili. Klorini ya mfereji nayo ni hatari, na visima vingi vya kuchimbwa ardhini Nakuru vina floridi nyingi. Usitegemee mfereji wala kisima cha ardhini. Tengeneza maji kutoka maji yaliyotoneshwa kwa gramu 0.29 za chumvi kwa lita na viwango vidogo vya potasiamu, kalsiamu na magnesiamu. Samaki wa duka la mapambo wana umri usiojulikana na magonjwa yasiyojulikana. Wafanye wazazi tu, upime watoto wao. Na mtu wa Kisumu asimwage mabaki kwenye mfereji unaoelekea ziwani. Yaue kwanza kwa jiki.

Nzige: kubadili tabia kwa brashi

Waliokumbuka mawingu ya nzige wa jangwani walioingia Kenya mwishoni mwa 2019 watashangaa kwamba mdudu huyo akilelewa peke yake huwa kama spishi nyingine: rangi tofauti, mwendo tofauti, hisi tofauti. Nzige mpweke ana vinyweleo vya mguso vingi zaidi kwa karibu asilimia 30 upande wa nje wa paja la mguu wa nyuma. Ubongo wa nzige wa kundi ni mkubwa kwa karibu asilimia 30, lakini kwa mpweke sehemu za mwanzo za kupokea mwanga na harufu ndizo zenye uzito zaidi kwa uwiano.

Kumrudishia msisimko ni rahisi kuliko kwa wote: brashi ndogo ya rangi, sekunde 5 kila dakika, kwa saa 4, kwenye paja la nje la mguu wa nyuma. Tabia inabadilika siku hiyohiyo, na serotonini ndiyo inayobeba mabadiliko. Upande wa pili wa sarafu ni muda wa kumfanya awe mpweke kamili: vizazi kadhaa vya kulelewa peke yake, kila tunutu kwenye kizimba chake chenye hewa yake. Vizimba vikishiriki feni moja, harufu na kuonana pamoja vinawarudisha kwenye kundi nawe huna habari. Kufuga mdudu mharibifu wa kiwango hiki kunahitaji idhini ambayo chuo kidogo hakipati kirahisi. Icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilicho Nairobi, imemtafiti nzige kwa miongo mingi, na kushirikiana nao ndiyo njia ya busara.

Kisumu si Nakuru

Hili linaamua zaidi ya watu wanavyodhani. Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, mchana hufika nyuzi 29 au 30. Mnyoo juu ya 25 anapunguza uzazi na ratiba yako ya siku nne inavurugika, hivyo unahitaji inkubeta inayopoza, na inayopoza ndiyo inayokula stima. Nakuru, mita kama 1,850, mnyoo anakaa vizuri kwenye sanduku la povu lenye chupa za maji. Samaki ndiye anayehitaji hita usiku. Stima ikipotea saa sita usiku Nakuru, joto la maji kwenye vishimo vidogo vya sahani linashuka haraka. Weka sahani za visima ndani ya beseni kubwa la maji ya moto wa 28.5, linachelewesha kupoa. Kisumu samaki huyohuyo anastahimili stima kupotea bila shida kubwa. Panya anataka nyuzi 20 hadi 26, na kote anahitaji taa za saa 12 kwa 12 zenye betri, kwa sababu taa iliyowashwa ovyo usiku ni msongo mwingine usioandikwa kwenye daftari.

Kwa panya na samaki anza karatasi mapema: kamati ya maadili ya wanyama ya taasisi, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), na masharti ya sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura 360, inayogusa majaribio. Miezi mitatu ikiliwa hapo, mwenye tasnifu ya mwaka mmoja akichagua panya wa wiki 8 za kutengwa amebaki na nafasi ya jaribio moja, lisilo na marudio.

Tungemshauri nani nini

Mwenye miezi minne na darubini ya kawaida, achukue mnyoo, hasa akiwa Nakuru au Njoro. Aliye Kisumu mwenye swali la mtikisiko au la jeni, samaki. Swali likiwa la uchujaji wa sauti, unaodhoofika pia kwa binadamu wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili), hakuna njia ya mkato: ni panya, na awe na kasha la mshtuko lililosawazishwa kabla ya panya wa kwanza kuzaliwa. Kwa mguso wa awali kabisa, mtoto wa panya, lakini kwa mtu aliyewahi kumshika mama wa panya bila kumfanya ale watoto wake.

Hesabu za sampuli ndizo zinazoanguka mwishoni. Panya wanne wa kizimba kimoja wamekula pamoja, wamelala pamoja, wamenusana. Kitakwimu wao ni kitu kimoja, na kitengo ni kizimba. Waliotengwa 12 dhidi ya vizimba vitatu vya wanne si 12 kwa 12, ni 12 kwa 3. Vivyo hivyo ndugu wa mama mmoja: gawa kila uzao kwenye makundi yote, usimpeleke uzao mzima upande mmoja. Kwa mnyoo, sahani ndiyo kitengo. Sahani 20 za wapweke, 20 za wapweke waliogongwa, na 20 za kundi, ukipima mnyoo mmoja tu kutoka kila sahani ya kundi. Sahani zote zipewe namba za bahati nasibu kabla ya kupimwa, na aliyebandika namba asiwe yeye anayepima umbali.